Namba 8201

Siku ya usaili daktari hakuuliza cheti changu. Aliniambia, "Cheka nikuone." Nami nikabana midomo, maana mimi ni mtoto wa Maji ya Chai, na mtu wa Maji ya Chai akicheka huna haja ya kumuuliza kwao ni wapi. Maji ya kwetu, chini ya Mlima Meru, yana floridi nyingi, na meno yetu huwa na rangi ya kahawia kana kwamba yamechovywa kwenye chai kweli. Nilishazoea kudhaniwa mtu asiyejua mswaki. Yule bwana akaniinua kidevu kwa kidole kimoja, akatazama, akasema neno moja: "Maji." Hakusema uchafu. Nikajua kazi nimepata.

Hiyo ilikuwa Machi 1997, huko Midrand, Afrika Kusini, katika sehemu ambayo wenyeji wanaiita Halfway House hadi leo. Jina lilitokana na nyumba ya wasafiri iliyokuwa katikati ya Johannesburg na Pretoria, zama za magari ya kukokotwa na farasi. Nilipofika mimi farasi walikwisha zamani. Palikuwa na barabara kuu ya N1 inayonguruma usiku kucha, maghala, ofisi mpya za vioo, na nyumba za kupanga zilizojengwa safu kwa safu ndani ya ukuta mmoja. Mume wangu alitangulia kwa kazi ya ufundi wa mitambo ya uchapaji. Mimi nilikuwa na cheti cha kutunza vitabu vya hesabu, na Kiingereza cha shule.

Kliniki ilikuwa juu ya duka la dawa. Tulikuwa wanne: daktari mwenyewe, msaidizi wake wa kiti, mama wa mapokezi kutoka Tembisa ambaye sote tulimwita Mma, na mimi. Mma aliniita "sisi". Huko sisi ni dada, lakini mimi Mswahili ilinichukua wiki nzima kuzoea kuitwa sisi nikiwa peke yangu.

Kazi yangu ilikuwa kuandika madai. Wagonjwa wetu wengi walikuwa na kile wanachokiita medical aid, bima ya matibabu inayokatwa kwenye mshahara, na kila tendo la daktari wa meno lina namba yake ambayo bima huilipia. Nilizikariri kama mtoto wa madrasa. Kumwangalia mgonjwa ni 8101. Picha ndogo ya jino ni 8107. Kusafisha ugaga ni 8159. Kung'oa jino la kwanza ni 8201, na kila la ziada katika robo ileile ya kinywa ni 8202. Jino nalo lina namba yake: gego la kwanza la chini upande wa kushoto ni 36, iwe ni kinywa cha waziri au cha mchunga ng'ombe. Nikajaza fomu, Mma akabandika stempu, tukapeleka posta, tukasubiri hundi.

Katika miezi ile ya mwanzo kuna jambo lilinikera kichwani. Bima ilikuwa ikilipa 8201 kwa kiwango kilekile nchi nzima. Daktari wa Sandton na daktari wa mji wa mpakani, wakimng'oa jino mwanachama wa bima ileile, wanaandikiwa hundi ileile. Basi kwa nini kila daktari kijana aliyepita pale kwetu alizungumzia mikoa kama mtu anavyozungumzia mashamba, hili lina rutuba, lile ni jiwe tupu?

Jibu la kwanza nilipewa na Jumamosi. Kila Jumamosi daktari alifunga Halfway House, akapakia vifaa kwenye gari, tukaenda Tembisa. Ni mwendo mfupi. Unapita Ivory Park, vibanda vya mabati vilivyoota tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 watu walipofurika kutoka Tembisa na Alexandra, na ghafla umefika. Alikodi chumba kimoja nyuma ya duka. Watu walianza kupanga foleni alfajiri, shavu limefungwa kitambaa, noti imekunjwa kiganjani. Huko hakukuwa na fomu. Ganzi, koleo, pamba, "uma meno", anayefuata. Kutoka asubuhi hadi saa nane mchana, 8201 tupu, na mara nyingine 8202.

Nilitunza daftari mbili, moja ya juma na moja ya Jumamosi. Siku moja nilizijumlisha kwa udadisi tu. Meno yote yaliyong'olewa Tembisa Jumamosi ile, nayo yalijaza ndoo, hayakufikia fedha za kumvika mgonjwa mmoja kofia ya jino pale Halfway House siku ya Jumanne. Mkono ulikuwa uleule, na jasho la Jumamosi lilikuwa jingi zaidi. Mgonjwa wa Jumanne alikuwa na jino linalostahili kutibiwa mzizi, kujengwa na kuvikwa kofia, kwa sababu nyuma yake alisimama mwajiri na kadi. Mgonjwa wa Jumamosi alikuwa na jino lenye ugonjwa uleule, ila nyuma yake hakusimama mtu. Jino lake likaishia kwenye ndoo.

Nilimwonyesha daktari hesabu ile. Akanijibu, "Hujaniuliza kwa nini nimefika Halfway House nikiwa na mvi."

Alikuwa Mhindi wa Durban, aliyesoma udaktari India kwa sababu milango ya vyuo vya kwao haikumfungukia. Aliporudi alikaa miaka mingi Lenasia, kitongoji walichotengewa Wahindi kusini ya Johannesburg. Sheria ya maeneo ya makundi ya 1950 ilikuwa imemwekea mpaka wa mahali pa kuishi na mahali pa kuweka kiti chake. Wazungu waliokuwa na bima nzuri waliishi upande mwingine wa mstari. Sheria ile ilifutwa mwaka 1991, naye akakopa benki, akahamia juu ya duka la dawa. "Kabla ya hapo," alisema, "pato langu liliandikwa na mchoraji ramani."

Sijasahau maneno yale. Watu hupenda kusema soko ndilo lililopanga. Pale Afrika Kusini soko lilikuta viti vimeshapangwa.

Mwaka 2000 serikali ilianza kuwataka madaktari wa meno wanaohitimu waitumikie mwaka mmoja kabla ya kujiajiri, kama ilivyoanza kwa madaktari wengine mwaka 1998. Hivyo ndivyo tulivyompata binti tuliyemwita Daktari Mdogo. Alizaliwa kaskazini, akasoma Medunsa, chuo cha udaktari cha Ga-Rankuwa kilichoanzishwa kwa ajili ya Waafrika, kisha akapangiwa hospitali ya wilaya huko huko kaskazini, mkoa ambao baadaye uliitwa Limpopo. Alipokuja kwetu katikati ya 2001 alikuwa bado anazungumzia mwaka ule kama mtu aliyerudi vitani. Kiti cha hospitali kilikuwa na mota iliyokufa. Aliandika barua ya kuomba fundi, akaandika tena, mwaka ukaisha. Asubuhi ni kung'oa, mchana ni kung'oa. Wakati mwingine aliziba meno kwa vifaa vya mkono, anakwangua palipooza bila drili na kujaza saruji maalumu.

"Ma," aliniambia, "njia hiyo imetoka kwenu."

Nikadhani ananitania. Lakini ni kweli: kuziba jino bila umeme kulianza kufanyiwa kazi katika shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Muhimbili, katikati ya miaka ya 1980, chini ya Mholanzi Jo Frencken, na kukaenea duniani. Nimetoka Arusha mpaka Midrand ndipo naambiwa habari za Muhimbili.

Kabla ya mwaka ule wa hospitali Daktari Mdogo alishapanda Phelophepa, treni ya afya iliyoanza safari 1994 ikisimama kwenye stesheni za vijijini na behewa lenye viti vya meno, wanafunzi wa mwaka wa mwisho wakihudumu. Alizijua foleni. Alikuja Midrand kutafuta fedha, hakuficha. Baba yake alikuwa mwalimu mstaafu na nyuma yake kulikuwa na wadogo wanne.

Daktari alimwajiri kwa asilimia, kama wanavyofanya huko: asilimia 40 ya fedha zitakazoingia kutokana na kazi yake, baada ya kutoa gharama za maabara. Hana mshahara. Kiti kikiwa kitupu, naye mfuko mtupu.

Viti vilikuwa vitupu mara nyingi. Hapa niseme nililoliona mwenyewe kwenye vitabu, maana watu wa mikoani hawaliamini. Katika miaka ile Midrand ilikuwa inakua kama uyoga. Makampuni ya simu, ya dawa, ya kompyuta yalijenga makao makuu pale. Waafrika vijana wenye digrii walinunua nyumba zile za safu. Kila mmoja ana kadi ya bima. Madaktari wa meno wakaisikia harufu hiyo kutoka kila kona ya nchi. Tulipoanza nilikuwa nahesabu vibao vya madaktari wa meno kwenye vidole vya mkono mmoja nikitembea kwenda kituo cha teksi. Kufikia 2003 mikono miwili haikutosha. Kila kituo kipya cha maduka kilifungua duka la mikate, duka la simu na daktari wa meno. Kodi za vyumba zikapanda. Randi nayo ilianguka mwishoni mwa 2001, dola ikakaribia randi 14, na ganzi, saruji na sindano karibu zote zilitoka nje.

Halafu bima yenyewe ina majira kama mvua. Mwanachama anapewa fungu lake la meno Januari. Kufikia Oktoba wengi wamelimaliza, na kuanzia hapo Mma alikuwa akipiga simu za kukumbusha watu miadi na kujibiwa, "Nitakuja mwakani, mama." Desemba Midrand inahama, watu wanakwenda makwao au pwani. Daktari Mdogo alifika hatua ya kuniomba nimfanyie hesabu: katika miezi mitatu ya mwisho wa mwaka alipeleka nyumbani kiasi kidogo kuliko mshahara aliokuwa akilipwa na serikali kwenye kile kiti kibovu.

Mwaka 2004 serikali ikatangaza posho. Daktari wa meno wa hospitali ya serikali angeongezewa asilimia 15 kwa kuwa ni mtaalamu adimu, na akikubali kukaa maeneo ya vijijini asilimia 18 nyingine, au 22 katika wilaya zilizotajwa kuwa maskini zaidi. Tulizungumza sana habari hiyo kwenye chumba cha chai. Daktari Mdogo alichukua kalamu, akapiga hesabu kwenye kisanduku cha glavu, akakirusha. Asilimia 22 ya mshahara ule haikuzidi sana fedha za kofia chache za meno. "Na kiti?" aliuliza. "Nani ameongeza asilimia kwenye kiti?"

Mwaka huohuo ndipo Bunge la Afrika lilipohamia kwetu, kwenye ukumbi wa Gallagher Estate, likiongozwa na Mama Gertrude Mongella. Siwezi kueleza nilivyojisikia kusikia Kiswahili dukani Midrand baada ya miaka saba. Mjumbe mmoja kutoka Afrika Mashariki aliletwa kwetu shavu limevimba. Nilimfasiria. Nilipomtajia bei ya kutibu mzizi alikaa kimya kidogo, ganzi ikiwa imeshaanza kumshika ulimi, kisha akasema, "Mwanangu, kwa fedha hizi kwetu nang'oa ukoo mzima." Akaniuliza kama daktari huyu ni tajiri. Nikamwambia kwa heshima, "Mzee, mwenye jengo ni tajiri." Alicheka nusu ya mdomo, nusu nyingine ilikuwa imelala.

Daktari Mdogo aliondoka 2005. Alikwenda mji mdogo upande wa Tzaneen, kwenye mashamba ya chai na maembe, akanunua kliniki ya mzee wa Kikaburu aliyekuwa anastaafu. Kodi ya mwezi mzima kule ingelipia kwetu siku chache tu. Daktari alimwambia atarudi kabla ya Pasaka. Mimi nilikubali kumtunzia hesabu kwa barua pepe, kwa malipo kidogo, na kwa hiyo haya ninayoyasema sikuyasikia kwa mtu; niliyaandika kwa mkono wangu.

Miezi ya mwanzo ilikuwa Jumamosi ya Tembisa kila siku: fedha taslimu, koleo, ndoo. Halafu ikaja Januari 2006.

Serikali ilikuwa imeanzisha bima ya watumishi wake, GEMS, iliyosajiliwa mwaka uliotangulia na kuanza kupokea wanachama mwezi ule. Kabla ya hapo mwalimu au mhudumu wa hospitali kijijini mara nyingi alikuwa hana bima kabisa, maana zilizokuwepo zilimshinda bei. Kadi zilianza kufika kwa uchache, kisha kwa wingi. Namba zikabadilika kwenye karatasi zake. Ile safu ndefu ya 8201 ikaanza kuingiliwa na 8101, na 8107, na 8159. Walimu walikuja kusafisha ugaga. Walimu, hebu fikiria, watu waliozoea kumwona daktari wa meno siku moja tu, siku ya kung'oa! Wauguzi wakaleta watoto. Polisi walikuwa na bima yao tangu zamani. Na katika mji mzima ule, kadi zote zilikuwa zinakwenda kwenye viti viwili.

Kufikia 2008 Daktari Mdogo alikuwa anabaki na fedha nyingi kuliko kijana yeyote aliyekalia kiti chake cha zamani pale kwetu, na walikuwa wameshapita watatu. Kodi ndogo, viti vichache, kadi za kutosha. Hakuna muujiza mwingine. Niliirudia hesabu ile mara mbili kwa kuwa ilipingana na kila nilichoambiwa kuhusu mikoa yenye rutuba na mikoa ya jiwe.

Nisije nikaonekana nasifia kijiji. Katika Gauteng mtu mmoja kati ya wanne hivi ana bima; Limpopo hawafikii mmoja kati ya kumi. Wale tisa waliobaki Daktari Mdogo aliendelea kuwang'oa. Na daktari wa hospitali ya wilaya, mwenye mshahara na posho zake, aliendelea kuketi penye kiti kisicho na mota. Mei 2008, fujo za kuwashambulia wageni zilipoanzia Alexandra na kusambaa vitongojini, hatukwenda Tembisa Jumamosi kadhaa kwa ajili yangu. Tuliporudi, mzee mmoja alitufungulia kiganja: alikuwa amejing'oa mwenyewe.

Tulirudi Arusha 2011, mwaka ambao treni ya Gautrain ilianza kusimama Midrand. Daktari alistaafu baadaye. Tuliendelea kuandikiana. Kuna sheria ya afya ya 2003 iliyokuwa na vifungu vya kumtaka daktari apate cheti cha serikali kabla ya kufungua kliniki mahali popote, ili wasirundikane mahali pamoja. Mwaka 2022 mahakama kuu ya Pretoria ilivitamka vifungu hivyo kuwa kinyume cha katiba. Daktari alinitumia habari hiyo na maneno machache: "Mimi nilishawahi kuambiwa na serikali mahali pa kuweka kiti." Namwelewa. Hata hivyo nadhani alikosea kuviweka pamoja. Waliompeleka Lenasia hawakuwa na haja na meno ya mtu wa kijijini. Lakini nami naona cheti kisingemfanya kijana akae Limpopo, kama 22 kwa mia haikumkalisha. Kadi ndiyo iliyomkalisha.

Jambo dogo la kuchekesha: bima ile ya watumishi imeyapa mafungu yake majina ya vito, na fungu moja linaitwa Tanzanite. Jiwe letu la Mirerani, si mbali na Maji ya Chai, limemfikia mwalimu wa Limpopo na kumlipia kusafisha ugaga.

Mpwa wangu amemaliza shahada ya meno Muhimbili mwaka huu. Alikuja kuniuliza, "Shangazi, nitafute chumba Masaki au niende Babati?" Alishaambiwa na wenzake kwamba Masaki ndiko kwenye fedha. Nikamwambia aende Masaki ahesabu vibao, kisha apande basi la Babati ahesabu shule, vituo vya polisi na zahanati, aulize ni wangapi wana kadi ya bima ya afya na kuna viti vingapi vya meno vinavyofanya kazi, mota ikiwemo. Ameondoka Jumatatu. Hajapiga simu bado.